Jinsi ya Kukuza Seli za Neva kutokana na Seli Shina za Binadamu: Mwongozo kwa Mtafiti Anayeanza

Mgonjwa wa kifafa anayefika hospitalini Malindi anaweza kutolewa damu, au hata kipande kidogo cha ngozi, lakini hakuna daktari atakayemwomba kipande cha ubongo ili kutafuta chanzo cha maradhi yake. Kwa sababu hiyo wataalamu wa mishipa ya fahamu kwa miaka mingi walitegemea ubongo wa panya, ambao kwa mengi haufanani na wa binadamu, na ubongo wa maiti, ambao huonyesha ugonjwa ulikoishia bila kuonyesha ulikoanzia. Seli shina za binadamu, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, zimeleta njia ya tatu. Mtafiti huweza sasa kukuza ndani ya kisahani niuroni, yaani seli za neva, zenye jeni zilezile za mgonjwa, akazitazama tangu siku ya kwanza zinapoanza kuuacha utoto wao.

Mwongozo huu nimeuandika nyumbani Malindi kwa ajili ya wanafunzi wa sayansi wa pwani yetu, ambao kila likizo hunijia barazani wakitaka kujua kazi hii hufanywa vipi hasa. Miaka yangu ya maabara niliipitisha mbali na hapa, na mengi ninayoyaeleza niliyajua baada ya kuua seli nyingi. Sitataja kila chupa na kila tone, kwa maana kila maabara ina utaratibu wake ulioandikwa. Nitakaa zaidi pale ambapo anayeanza hukosea.

Swali hutangulia seli

Kosa la kwanza hufanyika kabla ya kisahani chochote kufunguliwa. Mwanafunzi husema anataka kuchunguza ubongo, ilhali ubongo una aina nyingi mno za seli, na kila ugonjwa una seli unazoanza nazo. Ugonjwa wa Parkinson huua hasa niuroni zinazotoa dopamini katika ubongo wa kati. Ugonjwa wa kunyong'onyea kwa misuli unaotokana na kasoro ya jeni SMN1 hushambulia niuroni za uti wa mgongo zinazoamuru misuli. Aina nyingi za kifafa huhusiana na kuvurugika kwa mizani baina ya niuroni zinazochochea na zile zinazotuliza. Ukikuza niuroni zisizohusika na ugonjwa wako, utapata picha za kupendeza bila kupata jibu.

Wanafunzi wa kwetu huniuliza sana kuhusu malaria iliyopanda kichwani, na ni haki yao, kwa kuwa wengi wamewahi kumwona mtoto wa jirani akipatwa na degedege na homa kali usiku. Hata hivyo vimelea vya malaria haviingii ndani ya niuroni. Chembe za damu zilizoambukizwa hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya damu ya ubongo, na madhara kwa niuroni hufuata baadaye. Kisahani chenye niuroni peke yake hakiwezi kujibu swali hilo. Utahitaji pia seli za ukuta wa mishipa ya damu, ambazo nazo huweza kukuzwa kutokana na seli shina. Ninautaja mfano huu kwa sababu unaonyesha jinsi swali zuri linavyoweza kukosa jibu kwa kupelekewa seli zisizo zake.

Magonjwa yanayoitika vizuri zaidi ni yale yanayosababishwa na jeni moja na yanayoanza mapema maishani. Magonjwa ya uzeeni ni magumu zaidi. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichukua seli za ngozi za bibi wa miaka 82 aliyekuwa na ugonjwa wa kufa kwa niuroni za misuli, wakazirudisha katika hali ya seli shina, kisha wakapata niuroni za aina ileile inayokufa katika ugonjwa huo. Ilikuwa kazi kubwa, lakini niuroni hizo hazikuwa na miaka 82. Seli inaporudishwa utotoni hupoteza alama nyingi za umri wake, na niuroni inayozaliwa hufanana na ya kijusi kuliko ya mzee. Anayetaka kuona uzee ndani ya kisahani lazima apange mapema ataupataje, kwa mfano kwa kuziweka seli katika msongo au kwa kuzikuza kwa miezi mingi.

Seli zinatoka wapi, na mwenyewe alijua?

Mwaka 1998 James Thomson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walifaulu kukuza seli shina za binadamu kutoka kwenye viinitete vya siku chache vilivyotolewa na watu waliokuwa wakitibiwa utasa. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi wa Chuo Kikuu cha Kyoto walionyesha kwamba seli za kawaida za panya huweza kurudishwa katika hali hiyo kwa kuingiziwa jeni nne, yaani Oct4, Sox2, Klf4 na c-Myc, na mwaka uliofuata wakafanya vivyo hivyo kwa seli za ngozi ya binadamu. Yamanaka alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2012 pamoja na John Gurdon. Tangu hapo maabara nyingi hutumia seli za ngozi au damu zilizorudishwa utotoni, kwa sababu zinabeba jeni za mgonjwa na hazihitaji kiinitete.

Nilipomweleza mjomba wangu wa Lamu kazi yangu, hakuuliza juu ya jeni wala Nobel. Aliuliza jambo moja tu: seli hizo mumezitoa wapi, na mwenyewe alijua? Hilo ndilo swali la kwanza la kamati yoyote ya maadili. Ridhaa ya mtoaji lazima ieleze wazi kwamba seli zake zitaishi kwa miaka mingi, huenda hata baada yake, kwamba jeni zake zitasomwa, kwamba huenda seli zikapelekwa nchi nyingine, na kwamba zitageuzwa kuwa niuroni. Maelezo hayo yatolewe kwa lugha anayoizungumza nyumbani kwake, iwe ni Kiamu au Kigiriama, na si kwa kumsomea haraka karatasi ya Kiingereza. Nchini Kenya utahitaji pia leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, ambayo ni tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na taarifa za jeni utazihifadhi kwa kufuata Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Pamoja na seli za mgonjwa, chagua mapema seli za kulinganishia. Watu wawili hutofautiana katika mamilioni ya nafasi kwenye DNA zao, hivyo ukilinganisha mgonjwa mmoja na jirani yake mmoja mwenye afya, huwezi kujua tofauti unayoiona imeletwa na ugonjwa au na ujirani. Njia bora ni kuchukua seli za mgonjwa na kuisahihisha kasoro yake kwa kutumia CRISPR, njia ya kukata na kurekebisha jeni, ili upate jozi ya seli zilizo sawa kwa yote isipokuwa kwenye kasoro ile. Pale inapowezekana, fanya na kinyume chake, yaani itie kasoro hiyo katika seli za mtu mwenye afya. Kazi hii huchukua miezi kadhaa, na ndiyo sehemu ambayo watu wenye haraka huiruka.

Kuzitunza kabla ya kuzigeuza

Seli shina hukaa katika inkubeta yenye nyuzi joto 37 na hewa iliyotiwa kaboni dayoksaidi asilimia 5. Chini ya kisahani hutandazwa protini za kuzishikilia, kama vile Matrigel, laminini au vitronektini, na midia, yaani majimaji yanayozilisha seli, hubadilishwa karibu kila siku. Jizoeze kuzitazama kwenye hadubini kila asubuhi kabla ya kuzigusa. Koloni nzuri ni bapa, seli zake zimebanana, ukingo wake umenyooka kama uliokatwa kwa kisu, na kila seli ina kiini kikubwa kilichozungukwa na utando mwembamba. Ukiona pembeni seli zilizotanuka na kulegea, ujue zimeanza kugeuka kwa hiari yao, zikwangue uziondoe.

Koloni zikishajaza takriban robo tatu ya kisahani, zihamishe. Zioshe, uzifunike na EDTA, kemikali ya kuzilegeza seli, ya milimola 0.5 kwa dakika chache, uimwage, kisha uzing'oe kwa midia mpya zikiwa katika vipande vidogo. Usizisugue sana kwa pipeti. Seli shina ya binadamu ikitenganishwa ikabaki peke yake hufa upesi, na ukilazimika kuzitenganisha mojamoja, basi weka kizuizi kiitwacho Y-27632 kwa kiwango cha maikromola 10 kwa siku ya kwanza. Mimi sitii dawa ya kuua bakteria katika midia. Dawa hiyo huficha uchafu badala ya kuuzuia, na mtu huzoea kufanya kazi kizembe.

Kwa hali ya hewa ya kwetu, adui mkubwa ni kuvu. Wakati wa masika, ukuta wa chumba hutoa jasho, na trei ya maji iliyomo ndani ya inkubeta ikiachwa wiki mbili bila kusafishwa, utaona nyuzi nyeupe zikielea kwenye visahani. Jambo la pili ni stima. Inkubeta bila stima hupoteza joto na gesi yake upesi kuliko mtu anavyodhani, kwa hiyo anayefikiria kuanzisha kazi hii Malindi au Lamu afikirie jenereta inayojiwasha yenyewe kabla ya kufikiria hadubini ya bei ghali. Nitrojeni kimiminika, ambayo huhifadhi seli zilizogandishwa kwa nyuzi 196 chini ya sifuri, huchemka na kupungua kila siku hata pale mtungi unapofungwa vizuri. Ukikaa kisiwani, ambako kila mzigo lazima uvuke maji, panga ratiba ya kuujaza kama unavyopanga ratiba ya mshahara.

Pima maikoplazma kila mwezi, kwa sababu bakteria hao hawaonekani kwa hadubini ya kawaida na hawachafui rangi ya midia. Kagua kromosomu kila baada ya uhamisho kumi hivi. Kasoro inayojirudia sana ni kuongezeka kwa kipande cha kromosomu ya 20 kiitwacho 20q11.21. Seli zilizokipata hufa kwa shida kuliko wenzao, hivyo huwapita kwa wingi katika majuma machache, na wakati huohuo uwezo wao wa kugeuka kuwa neva hupungua. Kipande hicho huweza kuwa kidogo kiasi kwamba ukaguzi wa kawaida wa umbo la kromosomu haukioni. Tumia kipimo cha PCR, ambacho hunakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kipimike, kilichotengenezwa kwa ajili yake. Na siku ile ile seli zinapofika mikononi mwako, gandisha chupa nyingi za kizazi cha mwanzo. Nitalirudia jambo hili mwishoni.

Kutoka seli shina hadi niuroni

Watu hudhani kwamba seli husukumwa iwe niuroni. Kwa kweli seli shina ya mapema ina mwelekeo wa kuwa neva, na ishara fulani za kiinitete ndizo zinazoizuia. Mwaka 2009 Stuart Chambers, Lorenz Studer na wenzao huko New York walionyesha kwamba ukizifunga ishara mbili kwa pamoja, ile ya BMP na ile ya TGF-beta, zaidi ya asilimia 80 ya seli za kisahani hufuata njia ya neva. Leo wengi huzifunga kwa kemikali mbili, SB431542 kwa maikromola 10 na LDN193189 kwa nanomola 100. Anza pale seli zinapokuwa zimejaza kisahani chote bila pengo, kwani kisahani chenye mapengo hutoa mchanganyiko wa seli za aina nyingine. Badilisha midia kila siku kwa siku kumi hadi kumi na mbili, na usishtuke seli nyingi zikifa katika siku za mwanzo.

Mwisho wa hatua hiyo, protini OCT4, alama ya seli shina, iwe imetoweka na PAX6, alama ya njia ya neva, iwe imejaa. Baada ya kuzihamisha kwenye laminini, kati ya siku ya kumi na mbili na ya ishirini hivi, utaona kitu ambacho hadi leo hunifanya nisogeze kiti karibu na hadubini. Seli hujipanga kwa duara, ndefu na nyembamba kama petali, zote zikielekeza ncha zao kwenye tundu dogo la katikati. Aliyeyaona mawaridi yaliyochongwa kwenye milango ya zamani ya Lamu ameshaliona umbo hili. Ukipiga picha kila baada ya dakika chache, utaona viini vya seli vikisafiri hadi kwenye tundu ili vigawanyike, kisha vikirudi nje. Duara hilo ndilo jamaa wa mfereji wa neva, ule ambao katika kijusi hujifunga takriban siku ya 28 baada ya kutungwa mimba, na ambao usipojifunga sawasawa mtoto huzaliwa na mgongo wazi.

Chukua mawaridi hayo peke yake, yakuze siku chache kwa FGF2, protini ya kuchochea ukuaji, ili seli tangulizi, zile zinazozaa niuroni, ziongezeke, kisha uiondoe FGF2. Niuroni huanza kujitokeza kwa wingi karibu na majuma ya nne na ya tano. Za gamba la ubongo huja kwa zamu ileile ya mimba: kwanza zile za tabaka la chini zenye protini TBR1 na CTIP2, baadaye zile za tabaka la juu zenye SATB2, na mwisho kabisa astrosaiti, ambazo ni seli za kuzihudumia niuroni. Mfuatano huu kwa binadamu huchukua karibu miezi mitatu ndani ya kisahani, ilhali kwa panya niuroni za gamba huzaliwa zote katika muda wa wiki moja. Hakuna aliyeziambia seli zimetoka kwa nani. Saa ya binadamu wanayo ndani yao, na anayechunguza ukuaji anapaswa kuishukuru saa hiyo hata inapomchosha.

Ukitaka niuroni za mahali pengine, badilisha ishara mapema, wakati seli bado ni changa. Protini ya SHH ikiongezwa pamoja na kemikali ya CHIR99021 hupeleka seli kwenye ubongo wa kati na dopamini. SHH pamoja na asidi ya retinoiki, ambayo hutokana na vitamini A, huzipeleka kwenye uti wa mgongo. Kiasi kidogo cha CHIR99021 kikizidi, seli hupita ubongo wa kati zikaishia ubongo wa nyuma. Kwa hiyo usinakili kipimo cha maabara nyingine ukaridhika; jaribu vipimo vinne au vitano kwa kila ukoo wa seli, yaani seli zote zilizotokana na chanzo kimoja, na urudie kila shehena mpya ya kemikali inapofika.

Ipo njia ya mkato. Mwaka 2013 maabara ya Thomas Südhof huko Stanford ilionyesha kwamba jeni moja, NGN2, ikiwashwa kwa nguvu ndani ya seli shina, hutoa niuroni katika muda usiozidi majuma mawili. Ninaipenda kwa kupima dawa na kwa kuchunguza sinapsi, yaani maungio ambapo niuroni hupashana habari. Kwa kuchunguza ukuaji haifai, kwa sababu inaruka hatua zilezile unazotaka kuziona.

Mwaka huohuo Madeline Lancaster na Jürgen Knoblich huko Vienna walikuza oganoidi, yaani vidonge vya tishu ya ubongo vya milimita chache vinavyojijenga vyenyewe, na kwa hivyo wakachunguza ugonjwa wa watoto kuzaliwa na kichwa kidogo. Virusi vya Zika vilipozuka Brazil, vilivyogunduliwa mwaka 1947 katika msitu wa Zika hapo jirani Uganda, ilikuwa ni seli tangulizi za neva na oganoidi zilizoonyesha mwaka 2016 kwamba virusi hivyo hushambulia hasa seli tangulizi na kuzuia ongezeko lake. Oganoidi hata hivyo haina mishipa ya damu, kitovu chake hufa kwa kukosa oksijeni, na mbili za kisahani kimoja huweza kutofautiana kama ndugu wasiofanana. Anayeanza aanze na kisahani bapa.

Kuthibitisha kwamba ni niuroni

Mikia mirefu si ushahidi. Tumia kingamwili za TUJ1 kwa niuroni changa, MAP2 kwa zilizokomaa zaidi, na sinapsini kwa sinapsi, kisha upime umeme. Niuroni changa hukaa na volteji ya karibu milivolti 40 chini ya sifuri; inapokomaa hushuka kuelekea 70 chini ya sifuri na kuanza kutoa mapigo. Wavuvi wa Lamu wanamjua bunju, samaki anayejivimbisha, na wanajua kwa nini haliwi. Sumu yake, tetrodotoksini, huziba milango ya sodiamu ambayo niuroni huitumia kupiga mapigo yake, na ndiyo tunayoitia kisahanini kwa kiasi cha maikromola moja ili kuhakikisha. Mapigo yakikoma, yalikuwa ya kweli. Yasipokoma, kagua waya zako.

Kulinganisha mgonjwa na mzima

Niliwahi kuona niuroni za mgonjwa zikitoa nyuzi fupi kuliko za mtu mwenye afya, kwa tofauti kubwa isiyohitaji hesabu. Nilifurahi kwa majuma matatu. Kisha, nikipekua daftari, niliona kwamba visahani vyote vya mgonjwa vilipandwa siku ya Ijumaa kwenye laminini ya shehena moja, na vya mwenye afya siku ya Jumatatu kwenye shehena nyingine.

Tulianza upya. Safari hii kila kisahani kilipewa namba na mwenzangu, nami sikujua kipi ni cha nani hadi nilipomaliza kupima. Tulipanda koo zote siku moja, kwenye shehena moja, tukarudia ugeuzaji mara tatu kutoka mwanzo, na tukahesabu watu na koo, si seli. Seli elfu kumi za mtu mmoja bado ni mtu mmoja. Koo tatu za mgonjwa ziliwekwa pamoja na jozi zake zilizosahihishwa. Tofauti ilitoweka katika koo mbili, ikabaki katika moja, na ukoo huo mmoja ulipopimwa ulikuwa na kipande cha ziada cha kromosomu ya 20. Tuliutupa. Kwenye mtungi wa nitrojeni ilikuwepo bado chupa yake ya kizazi cha mwanzo, iliyogandishwa kabla ya kipande kile kuongezeka. Tukaiyeyusha, tukaipima kwanza, na tukaanza tena kuhesabu kutoka siku ya sifuri.